Shangazi wa Kuondoka

Jina alikuwa nalo, maana hakuna ofisi inayotoa kitambulisho kilichoandikwa "Shangazi" peke yake. Lakini katika ile nyumba ya kukodi walimopigia picha tamthilia ya watoto, jina lake lilikuwa limeota kutu kwa kukosa matumizi. Mpiga picha alimwita Shangazi. Mtu wa vipodozi alimwita Shangazi. Mzee wa jenereta, mwenye wajukuu na mvi hadi puani, naye alimwita Shangazi, tena kwa heshima, akivua kofia. Ukiitwa hivyo asubuhi mpaka jioni unafika mahali unamtazama mtoto yeyote apitaye barabarani ukijiuliza kama si wa kaka yako.

Kwa kweli alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu pale. Huyo walimwita Kinanda, jina la nyumbani alilopewa uchangani kwa sababu akilia habakizi kitufe. Kinanda ndiye aliyekuwa nyota wa tamthilia. Hadithi yenyewe ilihusu watoto wa miaka minane walioanzisha kikundi cha kuimba na kuigiza, wakijiandaa kwa onyesho kubwa la mwisho wa mwaka. Sasa ulikuwa msimu wa nne na mwaka ulikuwa umekataa kuisha. Onyesho lilikuwa kesho, kesho kutwa, wiki ijayo, halafu pazia linaungua, wanaanza upya.

Waliogoma kungoja ni watoto wenyewe. Yule aliyeigiza kaka mdogo aliamka siku moja akiwa na sauti ya dereva wa lori. Wakamwandikia safari ya masomo, akaaga akiwa amefumba mdomo, akaletwa kaka mdogo mwingine. Mpiga ngoma aliota masharubu. Kinanda alikuwa amekwisha timiza kumi na miwili, na gauni lake la manjano lilikuwa limeachiwa pindo mara nyingi hata kitambaa cha pindo kikawa kirefu kuliko cha gauni. Akisimama karibu na wenzake, wenzake walipandishwa juu ya kreti za soda. Hakuna aliyemwambia asikue. Walimwambia tu, "Piga magoti kidogo, mama, magoti hayaonekani."

Shangazi aliingia humo kwa wiki mbili. Ndivyo kaka yake alivyosema kwenye simu: "Wiki mbili tu, dada yangu, mpaka mke wangu amalize kunyonyesha." Sharti lilikuwa kwamba mtoto haingii mbele ya kamera bila ndugu yake mzima kukaa pale. Naye wakati huo alikuwa kwenye karakana ya mzee mmoja aliyejulikana mji mzima kwa jina la Fundi Mota, akijifunza kusuka mota zilizoungua. Anafungua feni au pampu, anang'oa waya uliogeuka mkaa, anasuka mpya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kitu kilichokufa kinanguruma. Fundi alikuwa akimwambia, "Mkono wako una subira, binti. Mdomo wako ndio bado uko kwenye mafunzo." Aliaga kwa wiki mbili, akaacha koleo lake juu ya benchi.

Mtoto aliyekuwa ananyonya sasa alikuwa chekechea, anajua kuandika jina lake.

Kilichomfunga Shangazi kwenye kile kiti cha plastiki chini ya dirisha la jikoni si sharti. Kilikuwa kilio.

Mwanzoni kabisa, Kinanda akiwa na miaka minane, palikuwa na mahali kwenye hadithi alipotakiwa alie naye akashindwa. Wakamletea kitunguu, akapiga chafya. Wakampaka dawa ya kikohozi chini ya macho, macho yakawa mekundu kama ya mlevi, lakini huzuni hamna. Mwongozaji alimwomba mara moja, halafu mara moja tu ya mwisho, halafu mara moja tu ya mwisho kabisa, ndiyo maana wote walimwita Bwana Mara Moja, ingawa si mbele yake. Jua likaanza kushuka. Shangazi, aliyekuwa amekaa mpaka miguu imekufa ganzi, akachukua begi lake aende nje ya geti kununua vocha. Hakuaga mtu. Kinanda akamwona mgongo, akadhani anaachwa, akaangua kilio kikali hata mtu wa vinasa sauti akavua vifaa masikioni.

Kamera ilikuwa inazunguka. Bwana Mara Moja nusura ambusu mlinzi.

Tangu hapo kuondoka kwa Shangazi kukawa kifaa cha kazi, kama taa na ngazi. Mwongozaji aliita, "Sauti?" Akajibiwa, "Tayari." Aliita, "Kamera?" Akajibiwa, "Inazunguka." Kisha akaita, "Shangazi?" Naye akainuka, akatia begi begani, akaenda zake. Kwa machozi ya kulengalenga ilitosha ainuke tu. Kwa kwikwi alifika kwenye ndoo za maua. Kwa msiba alitoka nje kabisa, na mlinzi akabamiza geti nyuma yake ili lisikike.

"Leo unaondoka nusu au mzima?" mlinzi humwuliza kila akimwona anakuja na begi.

"Nusu. Paka tu amepotea."

"Aa, paka ni nusu kweli. Mimi nilidhani bibi amefariki tena."

Kisha hugonga, mlinzi akamfungulia, naye akarudi kwenye kiti. Aliondoka mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini na hakuwahi kufika hata kwenye duka la vocha.

Jumatatu moja Fundi Mota akapiga simu. Alikuwa anahamia mji mwingine, karakana kubwa, na alitaka mtu wa kushika benchi la pili. "Ijumaa alasiri napita pale njia panda, mwisho wa barabara yenu, na pikapu na mizigo yote. Nikikukuta nakupakia. Nisipokukuta sipigi honi mara mbili."

"Ukinikosa je?"

"Mkwe wangu nampakia juu ya mizigo kama tairi la akiba. Usipotokea namfunga yeye. Hajui kutofautisha waya na tambi, lakini yuko."

Alimfuata Bwana Mara Moja siku hiyohiyo, akamkuta anakula ndizi huku anatazama mawingu kwa hasira. Alimwambia wazi: Ijumaa naondoka, sirudi, wifi yangu atakuja kukaa na mtoto.

"Ijumaa," mwongozaji alisema, uso ukamnawiri. "Vizuri sana. Ijumaa ndiyo tuna kilio kikubwa, kikundi kinavunjwa. Uondoke mzima, tafadhali."

"Naondoka kweli."

"Ndivyo nitakavyo. Hiyohiyo."

Kaka yake alikuwa na maneno machache zaidi. "Utarudi," alisema, akitafuta chaneli. "Wewe huwa unarudi."

Wifi peke yake ndiye aliyemwelewa. "Nenda, wifi yangu," alimwambia, "ila kaka yako akiuliza, mimi nilikuwa nafua."

Basi Ijumaa wakaja watatu. Wifi aliletewa kiti chake, akaketi kujifunza kukaa, akawa anamsalimia kila apitaye na kumwuliza anatoka kwa nani. Shangazi alimchukua Kinanda hadi chumba cha kuvalia. Kilikuwa bafu la ile nyumba kabla haijakodishwa, na nguo za waigizaji zilirundikwa ndani ya sinki kubwa la kuogea. Kinanda alikaa ukingoni mwa sinki na gauni lake la manjano, daftari la hesabu juu ya goti, viatu bapa miguuni.

"Leo nikitoka getini sirudi," Shangazi alisema.

Kinanda hakuinua macho. "Najua. Begi lako siku zote linaning'inia kama soksi. Leo limeshiba."

"Fundi ananipitia njia panda. Mama yako atakuwa hapa."

"Nimemsikia. Hata majirani wamemsikia."

"Kwa hiyo utalia vizuri leo. Itakuwa kweli."

Kinanda akafunga daftari. "Shangazi, nikikwambia kitu utanipiga?"

"Sema kwanza, nipime."

"Silii kwa sababu unaondoka. Niliacha zamani. Tangu msimu wa pili."

Shangazi alikaa juu ya kreti. "Sasa unalia kwa sababu gani?"

"Kwa kutaka. Nang'ata shavu kwa ndani, natulia kidogo, yanakuja." Akaonyesha. Macho yakajaa, na chozi moja likateremka upande wa kushoto kistaarabu, likasimama kwenye kidevu kama limeambiwa lisubiri. "Kushoto ndiko kuna kamera," alieleza, akajifuta kwa kiganja.

Misimu miwili. Misimu miwili ya jua la utosi na mvua, begi begani, geti linabamizwa, kama mtu anayebeba ndoo za maji kila siku kupeleka kwenye nyumba yenye bomba. Alijisikia kuungua kwa ndani ile namna mota inavyoungua, bila moshi kwanza, harufu tu.

"Na hukusema."

"Ningesema wangekwambia ubaki nyumbani."

"Ningeenda kazini, Kinanda. Nina kazi mimi. Nilikuwa nayo."

Mtoto alikuwa anakwaruza rangi ya sinki kwa ukucha. "Hapa watu wote wananiambia nirudie," alisema. "Hata wa chai ananiambia nitabasamu tena. Wewe peke yako hujawahi kuniambia nirudie kitu."

Mlangoni walikwisha kuita. Shangazi akamshika kidevu palipokuwa na chozi. "Basi nifanyie hili. Leo wakiniita sitasimama. Wewe lia mimi nikiwa nimekaa, mbele yao wote. Wakishaona unaweza bila mimi, watasema asante, nenda. Sitatoroka kama mwizi."

"Watasema hivyo?"

"Watu wazima wale. Wataona kwa macho yao."

Uani kila kitu kilikuwa tayari: bango la kikundi limechanwa katikati, watoto wenzake juu ya kreti, Kinanda mbele amepiga magoti kidogo. Bwana Mara Moja akaita sauti, ikajibu. Akaita kamera, ikajibu. "Shangazi?"

Shangazi alibaki kitini, mikono juu ya begi.

"Shangazi?"

Kinanda alimtazama, akatulia kidogo, akalia. Alilia kwa mabega, kwa pua, kwa kila kitufe, mpaka kaka mdogo mpya akaanza kulia naye bila kuandikiwa. Wifi akasahau kuongea. Hata "kata" yenyewe Bwana Mara Moja aliisema kwa kunong'ona. Kinanda akanyamaza pale pale, akaomba maji.

Mwongozaji alimwendea Shangazi polepole, kama mtu anayekaribia ndege asimkurupushe. "Hukusimama," alisema.

"Sikusimama. Umeona? Analia mwenyewe."

"Hukusimama," alirudia, akawageukia wengine. "Mmeelewa alichofanya? Mtoto amengoja aondoke, hakuondoka. Amemnyima hata kuondoka. Moyo ukapasuka. Miaka yote hii tunamhamisha mtu bure, kumbe nguvu iko kwenye kukaa."

"Mwongozaji, analia kwa kutaka. Ameniambia."

"Ndiyo uzuri wako, Shangazi. Hujui unachokifanya."

"Nalia mwenyewe," Kinanda akasema. "Nang'ata shavu."

"Usiongee, mwanangu, utazimwaga hisia. Kuanzia leo Shangazi haondoki. Asiinuke, asigeuke. Kiti kisisogee hata kidole."

Msaidizi akaja na utepe wa rangi, akapiga magoti, akabandika alama kuzunguka miguu yote minne ya kiti. Shangazi alitazama utosi wake akifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa akiondoka kila siku bila kufika popote; sasa hata ile safari ya getini alikuwa amejinyang'anya mwenyewe. Wifi akainama kumnong'oneza, "Wifi, hapo sasa hata chooni utaombewa kibali." Kwa mbali, juu ya ukuta, jua lilikuwa limeanza kuegemea, na Fundi Mota hakuwa mtu wa kupiga honi mara mbili.

Kamera ikahamishiwa upande wa pili. Kilio kilekile, upande wa kulia safari hii. Sauti, kamera. "Shangazi, kaa."

Akakaa. Wote wakamgeukia mtoto.

Kinanda alimtazama shangazi yake, akatazama begi, akatazama utepe ule. Macho yakabaki makavu kama daftari jipya.

"Mara moja tu," mwongozaji akasema.

Makavu.

"Mara moja tu ya mwisho. Shangazi, kaa zaidi."

"Nikae zaidi vipi?"

"Kwa ndani."

Akakaa kwa ndani. Mtoto hata pua hakuvuta. Mtu wa vipodozi akaja na brashi, mtu wa sauti akaangalia saa, watoto kwenye kreti wakaanza kusukumana. Bwana Mara Moja alitazama jua, akatazama kiti kwa chuki, kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. "Kimeisha nguvu," alisema. "Turudi kwenye ile ya zamani. Shangazi, ondoka."

Akavuka utepe, begi begani, akafika kwenye ndoo za maua. Akasikia nyuma yake, "Bado." Akaenda mpaka getini.

"Nusu au mzima?" mlinzi akauliza.

"Hata sijui."

"Bado," sauti ikaja kutoka uani. "Mwambie atoke. Usibamize, acha wazi, mtoto amwone."

Mlinzi akafungua mbawa zote mbili za geti, jambo alilofanya kwa malori tu. Barabara ilikuwa imenyooka hadi njia panda. Shangazi alitoka, akasimama kwenye vumbi, akageuka. Katikati ya uwanja ule wa taa na nyaya alimwona Kinanda katika gauni la manjano, hapigi tena magoti. Alikuwa amesimama urefu wake wote, kidevu juu, na hakuna kinachong'aa usoni mwake.

"Bado," mlinzi akapokea na kupeleka mbele. "Wanasema mbali zaidi."

Akaenda hadi duka la vocha.

"Mbali zaidi, Shangazi. Anasema mtoto hajashtuka."

Hapo ndipo alipoelewa ni nani anayeongoza picha ile. Miguu yake, iliyozoea kugeuka kwenye geti, ilitaka kugeuka. Aliisikia kabisa ikitaka. Nyuma mlinzi alikuwa anakuja mbio nusu, akipunga kofia, sauti ikizidi kuwa ndogo. Mbali zaidi. Anasema hadi asionekane, jamani, tujaribu hiyo. Njia panda kulikuwa na pikapu limesimama, limejaa mabati na mashine, na juu ya mzigo kijana mmoja ameshika kamba kwa kukata tamaa.

"Nimepiga honi moja," Fundi Mota alisema kupitia dirisha. "Hukusikia?"

"Nilikuwa naondoka."

"Panda basi. Mkwe, baki hukohuko juu."

Walikuwa wamekwisha pita daraja simu ilipolia. Ilikuwa namba ya mlinzi.

"Amelia," mlinzi alisema. "Ulipopotea tu. Mwongozaji anasema haijawahi kutokea, unaweza kurudi sasa. Uko wapi wewe?"

"Wamekata?"

"Wamekata zamani."

"Amenyamaza?"

"Ndicho kinachotushangaza. Wamekata, hajanyamaza. Mama yake kamshika, wapi. Ngoja, anataka simu."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi. Hizi hazikuwa za kamera ya kushoto wala ya kulia. Shangazi alijua vilio vyote vya mtoto yule, na hiki alikuwa hajakisikia tangu ile siku ya kwanza.

"Umefika wapi?" Kinanda akauliza.

"Tumepita daraja. Nimwambie fundi ageuze?"

Pumzi ikakatika, ikaunganika. "Usirudi," mtoto akasema. "Wakikuona watarudia."

Nyuma yake sauti ya mwanamume ilikuwa inaomba mara moja tu, ya mwisho kabisa, mwanga bado upo.

"Naitwa," Kinanda akasema, na simu ikakatika.

Fundi Mota alibadilisha gia mlimani, akamtupia jicho. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amekaa wima mno, magoti pamoja, begi mapajani, mkono mmoja umeshika mkanda kama mtu anayesubiri kuitwa ainuke.

"Weka begi chini, binti," alisema. "Hatushuki karibu."

Hakuliweka.